Koki imekauka Minneapolis, jibu linatafutwa Tabata

Swali, nimelifupisha kidogo: "Mwanangu anaishi Minneapolis, Marekani, na mkewe na mtoto wa miaka miwili. Wiki iliyopita alinipigia saa tisa usiku ya huku, kwake saa kumi na mbili jioni, akasema katoka kazini kakuta koki ya jikoni haitoi hata tone, ila ya bafuni inatoka. Nje baridi kali. Nikamwambia awashe jiko la mkaa aliweke chini ya sinki liyeyushe. Mkewe akakataa katakata. Kesho yake maji yalikuja yenyewe, tukamshukuru Mungu. Tarehe 18 wanakuja Dar kwa wiki tatu, nyumba itabaki tupu. Nani alikuwa sahihi, mimi au mkwe? Na nyumba waiacheje? Mama, Tabata Segerea."

Mama, shikamoo.

Mkweo alikuwa sahihi. Mpigie umwambie, ingawa najua kumwambia mkwe maneno hayo ni kazi kuliko kuzibua bomba. Nyumba za kule zimezibwa kila upenyo ili joto lisitoke: dirisha lina vioo viwili, mlango umezungushiwa mpira. Hewa ya mkaa, ile kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na mle ndani haina pa kutokea. Hata huku, watu wa mikoa ya baridi wamelala na jiko chumbani wasiamke, na nyumba zetu zina matundu juu ya madirisha. Jiko la mafuta ya taa ni hivyo hivyo. Na asithubutu mtu kumletea tochi ya gesi ya kuchomelea. Ukuta wa nyumba nyingi za kule si tofali, ni mbao na bodi ya jipsamu, na bomba limepita katikati ya hizo mbao. Moto ukishika mle hauuoni mpaka umeshapanda darini.

Sasa tuingie kwenye maji. Mimi ni fundi bomba, karakana yangu iko Mwananyamala, lakini miaka saba ya ujana wangu niliifanyia kazi St. Paul, mji unaopakana na huo wa mwanao, nikimbebea vifaa fundi mmoja mzee. Kila Januari simu yake ilikuwa hailali. Kwa hiyo ninachokuandikia nimekishika kwa mikono, tena kwa vidole vilivyokufa ganzi.

Chukua kandoro moja, yale maji ya kwenye mfuko wa nailoni, uitie kwenye friza. Asubuhi utaikuta imevimba, ngumu kama tofali. Maji yakiganda yanaongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9. Mfuko wa nailoni unavutika, hauna neno. Chupa ya soda ya kioo haivutiki, ndiyo maana ukiisahau kwenye friza unakuta vipande. Bomba la shaba liko katikati ya hivyo viwili: linavutika kidogo, halafu linachana.

Hapa watu wengi wanakosea, hata mafundi. Wanadhani barafu inalisukuma bomba pale pale ilipo na kulipasua hapo hapo. Mara nyingi sivyo. Barafu inajijenga kama kizibo, na kizibo kinarefuka kuelekea kwenye koki. Maji yaliyobaki kati ya kizibo na koki iliyofungwa hayana pa kwenda, na maji hayashindiliki kama pamba. Presha inapanda, inaizidi ile ya maji ya mjini maradufu tena na tena, mpaka mahali palipo dhaifu panaachia. Ndiyo maana bomba linaweza kuganda ndani ya ukuta likapasukia chini ya sinki, mahali ambapo hapakuwa na barafu hata chembe.

Rafuni kwangu kuna kipande cha bomba la shaba la nusu inchi nilichorudi nacho. Mpasuko wake una urefu wa kidole gumba, umefuata urefu wa bomba, na kingo zimefunuka kwa nje, nyembamba kiasi cha kukata ngozi, kama mdomo wa samaki aliyefia ufukweni. Tulikikata upande wenye joto wa nyumba, hatua moja na nusu kutoka ukutani palipokuwa pameganda. Vijana wangu wa karakana hawaamini kwamba maji ndiyo yalifanya vile. Wanadhani nilikipiga nyundo ili nipate hadithi ya kuwasimulia.

Ukishalielewa hilo, dawa ya kwanza inakuja yenyewe, ingawa inapingana na malezi ya mtu wa Dar. Huku koki ikikauka unaifunga. Ukiisahau wazi siku ya mgao, maji yanarudi saa nane mchana wewe uko Kariakoo, ukifika nyumbani zulia linaelea. Kule koki ikiganda unaifungua, upande wa moto na wa baridi, ili yale maji yaliyobanwa yapate mlango. Tofauti ni kwamba mtu anabaki hapo. Hafungui akaenda kulala.

Ndiyo sababu pia usiku wa baridi kali watu wa kule wanaiacha koki ikitona. Utasikia wakisema maji yanayotembea hayagandi. Yanaganda! Mto Mississippi wenyewe, unaopita katikati ya mji wa mwanao, unashika barafu huku unatembea. Kazi kubwa ya lile tone ni kuachia presha. Kizibo kikijengeka hata hivyo, kati yake na koki hakuna kilichobanwa. Kama koki ya jikoni ni ile ya mpini mmoja, auweke katikati ili moto na baridi vyote vitone. Bomba la maji ya moto nalo linaganda, maana maji ya moto yaliyokaa usiku kucha bila kutumika si ya moto tena.

Na akikwambia kwenye simu "mama, leo ni ishirini", usidhani ni Julai ya Dar. Wao wanahesabu kwa Farenhaiti. Maji yanaganda kwenye 32 zao, ambayo ni sifuri yetu, na ishirini yao ni karibu nyuzi 7 chini ya sifuri. Hiyo ishirini aikariri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walipopima mabomba yasiyofunikwa, yaliyopita kwenye dari lisilo na joto, waliona hatari inaanzia hapo. Bomba haligandi mara tu sifuri inapofika. Maji yaliyotulia yanaweza kushuka nyuzi kadhaa chini ya sifuri yakiwa bado maji, kisha yakageuka ghafla. Nyumba ya Minneapolis imejengwa ikijua baridi, mabomba yake yako ndani, kwa hiyo inavumilia zaidi ya hapo. Walioumia sana ni wale wasioizoea: Februari 2021 Dallas, kule Texas, ilishuka hadi karibu nyuzi 19 chini ya sifuri, umeme ukakatika, na nyumba nyingi ambazo mabomba yake yalipitishwa darini zikamwaga maji juu ya vitanda vya watu.

Sasa jiko la mwanao. Koki ya jikoni kavu, ya bafuni inatoka: maana yake tatizo haliko barabarani, liko kwenye tawi linalokwenda jikoni. Nakisia sinki lake liko chini ya dirisha, kwenye ukuta wa nje. Majiko mengi ya kule yamepangwa hivyo. Bomba linapita ndani ya ukuta ule, halafu kuna kabati lenye milango, na milango ikifungwa joto la nyumba haliingii. Kabati linakuwa friji. Usiku wa baridi aifungue milango ya kabati, basi. Ni bure na inasaidia kuliko vitu vingi vinavyouzwa. Ila kwa kuwa kuna mtoto wa miaka miwili, sabuni na dawa za kuzibulia sinki zihamishwe kwanza juu.

Kuna kitu kingine cha kutafuta humo kabatini. Siku ya upepo achukue kipande cha karatasi ya chooni, akishikilie karibu na pale mabomba na nyaya zinapotokea ukutani. Karatasi ikitikisika, kuna tundu. Tundu la kupitisha kalamu, upepo wa nyuzi 20 chini ya sifuri ukipuliza moja kwa moja juu ya bomba, linagandisha haraka kuliko ukuta mzima uliotulia. Alizibe kwa silikoni au povu la kuzibia, dakika kumi kazi imekwisha. Kwa nyumba ile ningeanza na hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Madukani watamuuzia sponji ya kuvisha bomba. Nzuri, anunue, lakini ajue kazi yake. Ni kama chupa ya chai: ukitia chai ya moto inakaa moto, ukitia maji ya baridi hayatachemka humo. Sponji inachelewesha tu. Kwenye kona sugu kuna waya wa umeme wa kupasha bomba. Achukue ule unaojizima na kujiwasha wenyewe, aufunge kama maelekezo yanavyosema, asiupishanishe juu yake mwenyewe, maana nyaya zile zimeshachoma nyumba. Na akikuta mtu kajaza pamba ya kuzuia baridi kati ya bomba na chumba cha jikoni, aitoe. Pamba inakaa upande wa nje, bomba libaki upande wa joto. Nimeiona hiyo mara nyingi: mwenye nyumba kajaza pamba kwa nia njema, kalitenga bomba na joto la nyumba.

Ikiganda tena kabla ya safari, afanye hivi. Kwanza ajue koki kuu iko wapi. Huku tunakimbilia kwenye mita nje ya geti. Kule mita iko ndani, kwa kawaida kwenye chumba cha chini, upande wa ukuta unaotazama barabara, maana nje ingeganda. Aijaribu leo kuifunga na kuifungua. Zile za gurudumu zikikaa miaka bila kuguswa zinagoma, na siku ya mafuriko si siku ya kugundua hilo.

Kisha afungue koki iliyoganda, afungue kabati, apapase bomba atafute palipo baridi kupita pengine au palipoota utando mweupe wa barafu. Achukue bloo draya ya mkewe aanze kupasha kuanzia upande wa koki, akirudi nyuma taratibu kuelekea kwenye barafu. Huo mwelekeo una sababu. Akianza katikati, maji yatakayoyeyuka yatabanwa kati ya barafu mbili, na tumerudi kule kule kwenye presha. Taulo lililochovywa maji ya moto nalo linafaa. Asisimame kwenye maji akiwa ameshika draya. Kikianza kutoka kijiuzi cha maji, asifunge: maji yanayopita yanamalizia barafu iliyobaki yenyewe. Kama palipoganda pako ndani ya ukuta, apandishe joto la nyumba, aelekeze feni ya joto kabatini kwa mbali, asiiache peke yake, na ikipita saa chache bila dalili aite fundi. Kuvunja ukuta kwa kukisia ni hasara.

Kama ni nyumba nzima iliyokauka, aulize jirani kwanza. Bomba la kutoka barabarani limezikwa futi saba au zaidi chini, si kama letu la kufukiwa kwa jembe, ambalo saa nane mchana jua limeshalipasha, linakutolea maji ya kuogeshea mtoto. Hilo la chini likiganda si kazi ya bloo draya, awapigie watu wa maji wa mji wao awaulize.

Sasa niseme lililonishtua kwenye barua yako. "Maji yalikuja yenyewe, tukamshukuru Mungu." Huku maji yakirudi habari imekwisha, unajaza ndoo na simtank. Kule maji yakirudi ndipo kazi inaanza. Bomba lililochanika halivuji likiwa limeganda, kizibo chenyewe kimelizuia. Linavuja barafu ikiyeyuka. Mwanao ameangalia? Usiku wa leo aingize kichwa kabatini na tochi, apitishe karatasi kavu kwenye kila kiungo, kila elibo, yaani kona ya bomba, kila nati. Aguse bodi ya nyuma ya kabati kama imelowa au imevimba, na ashuke chumba cha chini aangalie dari iliyo chini ya jiko. Halafu afunge kila koki ya nyumba, aende kwenye mita, atazame kile kishale kidogo au namba ya mwisho kwa robo saa bila mtu kutumia maji. Ikitembea, kuna mahali panavuja. Mpasuko wa kwanza unaweza kuwa kama wa sindano.

Akikuta linavuja, afunge koki kuu, afungue koki ya chini kabisa ya nyumba maji yaishe, azime hita ya maji, na kama maji yamefika kwenye soketi azime umeme wa upande huo bila kukanyaga maji. Apige picha kabla ya kufuta. Kisha akaushe haraka, maana zulia na jipsamu vikilala na unyevu zaidi ya siku moja au mbili, ukungu unaanza. Nimesikia pia watu wakisema mabomba ya plastiki ya peksi, ndugu wa hizi PPR zetu, hayapasuki. Yanavumilia kweli, yanatanuka na kurudi. Viungo vyake vya shaba nyeupe havivumilii.

Safari ya tarehe 18. Wengi watamwambia aache joto la nyumba likiwaka lisishuke chini ya 55 zao, yaani nyuzi 13 zetu, na hiyo inatosha. Mimi siridhiki. Tanuru, ile mashine ya kupasha nyumba joto, likizima siku ya tatu, hamna mtu wa kujua mpaka siku ya ishirini na moja, na bomba moja lililopasuka litakuwa limemwaga maji muda wote huo. Aache joto kwenye 55 na pia afunge maji, amwage yaliyomo.

Waliopanda Kilimanjaro wanalijua hili bila kufundishwa na fundi. Usiku wa kwenda kileleni, ukitoka Kambi ya Barafu, kinachoganda kwanza ni ule mpira mwembamba wa kunywea maji, chupa yenyewe bado. Waongoza wageni wanakwambia: ukishapiga funda, puliza, maji yarudi kwenye mfuko, mpira ubaki mtupu. Bomba tupu haligandi.

Kwa nyumba ni hivi: azime hita ya maji kwanza kama ni ya umeme, kwa sababu ikiwaka bila maji koili inaungua. Ya gesi aishushe kwenye kipimo cha likizo. Afunge koki kuu. Apande juu afungue koki zote, ashuke afungue ya chini kabisa, ile ya kufulia. Hewa inaingia juu, maji yanatokea chini. Simtank isiyo na tundu la hewa unajua inavyogoma kushusha. Aflashi kila choo mara moja. Maji yaliyobaki kwenye kona ya bomba chini ya sinki ayaache, yanazuia harufu, na kama ana wasiwasi kuna dawa ya waridi ya kuzuia kuganda iliyotengenezwa kwa mabomba ya maji. Ile ya kwenye rejeta ya gari asiiguse. Ni sumu, ina utamu, na ana mtoto.

Kuna jambo moja la kumfanya asimame kabla ya kufunga chochote. Kama nyumba inapashwa joto na maji ya boila yanayozunguka kwenye mabomba, au ina mabomba ya kuzimia moto darini, amwite fundi wake kwanza. Mifumo hiyo haimwagwi hivi hivi.

Mpira wa bustani auchomoe kwenye koki ya nje, leo. Hili nalisema kwa uchungu. Nyumba niliyopanga mwaka wangu wa kwanza ilikuwa na koki ya nje ya aina isiyoganda, yenye shina refu ambalo linafungia maji ndani kwenye joto. Niliuacha mpira umefungwa, maji yakashindwa kumwagika kutoka kwenye shina, likachanika ndani ya ukuta, na miezi mitano sikujua. Aprili nikafungua nioshe gari. Nje yakatoka mazuri kabisa. Ndani yalikuwa yanashuka ukutani kwenye chumba cha chini, juu ya magunia yangu mawili ya nguo nilizokuwa nimekusanya kutuma Dar. Mwenye nyumba hakunidai. Aliniangalia tu.

Ufunguo ampe jirani au rafiki apitie kila baada ya siku mbili tatu, hasa baada ya usiku mkali, aone kama ndani kuna joto. Asome pia bima yake ya nyumba. Nyingi zinalipa bomba lililopasuka ghafla, lakini zinataka mwenye nyumba awe ameacha joto au amefunga maji na kuyamwaga. Picha ya themostati, kile kidude cha ukutani cha kupangia joto la nyumba, na ya koki kuu iliyofungwa, zimepigwa asubuhi ya safari, zikae kwenye simu.

Na kama themostati yake ni ya betri, abadilishe betri kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Kuna nyumba tulifika St. Paul, tanuru halina ubovu, mafuta yamejaa, kila kitu sawa, na sakafu ya chini ina barafu ya kuteleza. Betri mbili ndogo zilikuwa zimekufa.

Lile jiko la mkaa usilitupe, mama. Mtoto hajawahi kula changu wa kuchoma.